Tivaevae ya Ngarima

Nusu ya kijiji cha Arorangi ilikuwa ikilala chini ya tivaevae za Akaiti, na mtu pekee wa damu yake asiyekuwa nayo hata moja alikuwa mwanawe wa kumzaa, tena wa pekee. Jambo hilo lilijulikana, na watu walilicheka kama wanavyomcheka seremala anayekalia ndoo nyumbani kwake. Akaiti mwenyewe alilicheka. Alipenda kuonekana mkono wazi, hasa pale palipokuwa na macho ya kuuona huo mkono.

Tivaevae haiuzwi. Mwanamke anayeuza tivaevae yake huko kisiwani Rarotonga ni kama amemuuza mama yake. Unakaa miezi, pengine mwaka mzima, unaunganisha vipande vya kitambaa kwa sindano na uzi mpaka kinatoka kifuniko cha kitanda kizima chenye maua na majani. Kisha inakuja harusi, au msiba, au siku ya mtoto wa kiume kukatwa nywele zake za kwanza, unasimama mbele ya kadamnasi, unamfunika mtu mabegani, watu wanaguna kwa uzuri wake, na wewe unarudi nyumbani na jina kubwa. Akaiti alikuwa na jina kubwa kuliko wote.

Mwanawe Ngarima alipotimiza miaka saba na kukatwa nywele, kiti chake kilitandikwa tivaevae ya majani ya mshelisheli ambayo mama yake aliianza tangu ana mimba yake. Wiki ileile mchungaji akahamishwa kwenda kisiwa cha Mangaia, na mchungaji haondoki Arorangi kama mtu aliyefukuzwa kazi. Akaiti akaikunja, akampa. Ya pili ilishuka kaburini na baba yake Ngarima, na hapo hakuna wa kumlaumu mtu. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na maneno.

Hiyo ya tatu ilikuwa ya mawaridi mekundu juu ya weupe, vipande elfu sita, kila kimoja upana wa vidole viwili. Ilichukua miezi kumi na minne, na ilikuwa ya Ngarima kwenda nayo New Zealand kutafuta kazi. Ndege yake ilikuwa Jumamosi. Alhamisi ya wiki hiyo aliolewa Tekura, binti wa kaka yake Akaiti, mtoto ambaye mama yake alikuwa amekwisha kufa na ambaye hakuna mtu aliyekumbuka kumshonea kitu. Akaiti alimtazama bibi harusi akiingia mabega wazi, akawatazama watu wa upande wa mume wakitazamana, damu ikamchemka. Akatoka mbio mpaka nyumbani, akarudi na mawaridi, akamfunika Tekura mbele ya wote. Watu walilia. Mpaka leo wanaisimulia hiyo harusi.

Ngarima alipiga makofi pamoja na wengine. Jumamosi, kwenye uwanja wa ndege, alimwambia mama yake, "Basi mimi zamu yangu ni lini?"

"Wewe ni wangu, una haraka gani? Wa nje hupewa kwanza. Utapata tu."

"Nitapata siku ya sanda, Mama."

Wote waliokuwapo walicheka, na Akaiti akampiga kofi la mgongoni, akamvisha shada la maua shingoni. Ikapita miaka ishirini na mbili. Katika miaka hiyo alishona nyingine kumi na tatu, na zote zilikwenda kwa wenye shida zaidi, au wenye macho zaidi.

Mwezi wa nane Tekura alipiga simu kutoka Auckland. Alikuwa akiishi huko na mumewe, na Ngarima, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, alikuwa amehamia kwao.

"Shangazi, umekaa?"

"Nimekaa wapi, nina maandazi kwenye mafuta. Sema."

"Zima moto kwanza."

Akaiti hakuzima. Maandazi yaliungua yote huku akisikiliza. Ilikuwa saratani ya ini, tena imekwisha kutambaa. Madaktari hawakutaka hata kumpasua. Wamemrudisha nyumbani, nesi anakuja kila siku kumchoma sindano ya maumivu.

"Wanasema mpaka lini?"

"Wanasema Krismasi, Mungu akipenda."

"Mungu atapenda," Akaiti alisema, kama mtu anayetoa amri.

Jioni ile wanawake wa kanisa walijaa nyumbani kwake na vyungu vya magimbi na kisamvu chao cha majani ya gimbi kwa tui. Aliyekaa karibu naye alikuwa Matarita, jirani yake, mwenzake wa sindano kwa miaka arobaini, mwanamke mnene mwenye ulimi usiojua kona. Walikuwa wamekwisha kuichangia tiketi kabla hata ya kuvuka uzio.

"Jumamosi unapanda," Matarita alisema. "Nguo zako nitakupangia mimi, maana wewe utabeba kofia tupu."

"Nitakwenda nikimaliza," Akaiti akajibu.

"Ukimaliza nini?"

"Tivaevae yake."

Matarita aliweka sahani chini. "Mama wee, mwanao anaumwa. Haoi."

"Miaka ishirini na mbili ananidai kwa mzaha, na kila mzaha ulinichoma. Leo niingie kwake na nini? Mkono mtupu haulambwi."

"Basi tushone ile ya kukatwa mara moja, jani kubwa moja juu ya kitambaa. Tuko sita. Wiki mbili tumemaliza, unaondoka."

"Tekura nilimpa ya vipande elfu sita. Mwanangu nimpe jani moja? Ataona hata katika kufa kwake nimempimia." Akatazama huku na huku, akitafuta wa kumuunga mkono. "Krismasi ni mbali. Tuko sita. Tutafanya mawaridi yaleyale, na safari hii hayapiti kwa mtu mwingine."

Ukweli lazima usemwe: hakuna hata mmoja aliyempinga tena kwa nguvu. Mwanamke wa kule kumwendea mgonjwa wake mikono mitupu, tena mwanamke mwenye jina kama lile, wote waliona uzito wake. Ndivyo walivyolelewa. Matarita peke yake ndiye aliyetikisa kichwa njia nzima kwenda kwake.

Kesho yake wakapanda pikipiki, Akaiti mbele na Matarita nyuma amekumbatia vikapu, wakaenda mjini Avarua kwenye duka la vitambaa la mzee Noo. Majora yalikuwa yamesimama ukutani kwa safu, na Akaiti aliyapita moja moja akiyapapasa kwa kidole gumba. Weupe akaupata. Kijani akakipata cha aina mbili, cha jani changa na cha jani zima. Alipofika kwenye nyekundu akasimama.

"Noo, nyekundu yangu iko wapi?"

"Nyekundu hiyo hapo, Mama Akaiti. Ziko tatu."

"Hii ni ya pilipili. Hii ni ya matofali. Hii sijui ni ya nini, ya bendera. Mimi nataka ya waridi, ile iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Ulikuwa nayo."

"Imekwisha. Inakuja na meli, wiki mbili."

Matarita alilivuta jora la pilipili mpaka mlangoni, akaliweka juani. "Hii ina ubaya gani? Mgonjwa atalala nayo, hataila."

"Haifanani."

"Haifanani na nini? Ile nyingine iko Auckland kwa Tekura. Nani atakayeziweka pamoja azilinganishe?"

"Mimi nitajua," Akaiti alisema. "Sijawahi kuchanganya nyekundu mbili maishani mwangu, na sitaanza kwa mwanangu."

Mzee Noo alijaribu naye. "Mama, chukua hii nusu, nusu ile itakuja na meli. Kwa mbali hakuna atakayeona."

"Wewe uza dagaa," Akaiti alimwambia, akatoka.

Kuna kazi ambazo ungeweza kuzianza huku ukisubiri, lakini si hii. Tivaevae ya vipande inatungwa kwanza. Bingwa wa kazi anakata miraba yote, anaipanga kwenye uzi kama shanga kwa mfuatano wa rangi, vyeupe vinne, cha kijani kimoja, vyekundu saba, cha kijani tena, na kila mshonaji anapewa uzi wake, anaviunganisha kama vilivyofuatana bila kuuliza. Pasipo nyekundu hapana mfuatano. Kwa hiyo wanawake sita walikaa. Akaiti alikata vyeupe, akakata vya kijani, akavihesabu, akavihesabu tena. Meli ilichelewa kwa bahari kuchafuka. Siku kumi na nane zilipita hivyo, na katika siku hizo kumi na nane ndege sita ziliruka juu ya paa lake kuelekea Auckland, akizisikia zote.

Alizungumza na mwanawe kila siku kwa simu ya picha. Tekura ndiye aliyeishika, maana mikono ya Ngarima ilikuwa imedhoofu, na aliishika vibaya, karibu mno, kioo kizima ni uso tu na kipande cha mto.

"Tekura, niondolee simu puani kwake. Nionyeshe mwili wake niuone."

"Mwili hautazamiki, Shangazi. Tosheka na uso."

Uso ulikuwa wa manjano. Macho yalikuwa yaleyale ya utoto, ya kuchokoza. "Wanakuchosha hao wazee, Mama?" aliuliza. "Mama Matarita bado anakoroma na sindano mkononi?"

"Anakoroma hata akiwa anasema."

"Mama, njoo."

"Nakuja. Meli imekaribia."

"Sikusema meli ije. Nasema wewe njoo."

"Nije mikono mitupu, mwanangu? Baada ya yote? Mkono mtupu haulambwi."

Ngarima akafumba macho mpaka Akaiti akadhani amelala. Kisha akasema, "Mimi sitaki kuulamba, Mama. Nataka kuushika."

Akaiti alicheka. Hilo ndilo litakalokuja kumla baadaye kuliko yote, kwamba alicheka, kwa sababu jibu lilikuwa zuri na yeye alipenda jibu zuri. Alilirudia kwa wenzake jioni ile, nao wakacheka, isipokuwa Matarita, aliyeinuka akaenda kusimama nje kwenye kaburi la marehemu mume wa Akaiti pale mbele ya nyumba, na kukaa huko amewapa mgongo.

Meli ilitia nanga, nyekundu ikaja. Akaiti alilinusa jora lile kama mtu anayenusa mkate. Siku tatu alikata na kutunga bila kuzungumza na mtu, ya nne akagawa nyuzi, na ukumbi wa kanisa ukageuka kiwanda. Walishona kuanzia asubuhi, wakasimama kula, wakashona mpaka jua lilipogusa bahari. Vidole vilivimba ndani ya subana zile za chuma wanazovaa kukinga sindano. Mmoja alikuwa na mkutano wa shule, akaukosa. Mwingine alikuwa na mjukuu wa kuzaliwa, akazaliwa. Nani alisema wanawake hawa hawakumpenda Ngarima? Walimpenda kwa namna walivyofundishwa kupenda, na kila mshono ulikuwa sawa na wa jirani yake.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mawaridi yote yalikuwa yameungana. Yalitandazwa sakafuni, na mke wa mchungaji alipoingia alishika mdomo. Kilichobaki ni bitana ya chini na pindo la kuzunguka pande nne.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Tekura alikuwa amepiga simu, sauti chini. "Shangazi, panda ndege ya Jumamosi hii. Nakuomba. Hali chakula tena."

"Krismasi walisema."

"Walisema Krismasi mwezi wa nane. Sasa hawasemi kitu."

Matarita alikuwa amesikia. Alianza kuikunja tivaevae pale pale. "Pindo utashona kwenye ndege. Saa nne hizo utakaa unafanya nini, unatazama mawingu?"

"Pindo la kushonea angani litakuwa la mlevi. Weka chini."

"Akaiti."

"Wiki moja, Matarita. Nimempa kila mtu kitu kilichokamilika. Mchungaji nilimpa kilichokamilika. Mpaka yule mgeni wa serikali aliyekuja kukata utepe wa tangi la maji, sikumpa chenye uzi unaoning'inia. Wangu ndiye nimpe kisichopindwa?"

Matarita alikuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini hakulitoa. Alikaa, akavaa subana, akachukua upande wake wa pindo. Walishona wakiwa wameelekeana, na machozi ya Matarita yalianguka juu ya weupe, akawa anayafuta kwa kiganja kabla hayajaacha alama.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Akaiti alipanda. Tivaevae ilikuwa ndani ya mfuko mpya wenye zipu, na alikataa kuitia kwenye mizigo, akaipakata magotini njia nzima, mhudumu akabembeleza mpaka akachoka. Kule Auckland wako kesho siku zote. Unaondoka Rarotonga Jumamosi, baada ya saa nne unashuka ni Jumapili, na hiyo siku iliyo katikati hakuna anayejua huliwa na nani. Watu wa visiwani wamezoea, wanaitania. Akaiti angani alikuwa akijipangia maneno. Angeingia, asiseme kitu, aifungue zipu, aitandaze kutoka vidoleni mpaka kidevuni, kisha ndipo aseme, "Haya, zamu yako imefika." Aliyarudia midomo ikicheza, na alikuwa na furaha. Tumwachie hiyo furaha, maana haikuwa na nyingine nyuma yake.

Tekura alikuwa amesimama kule wanakotokea abiria, amevaa kanga ya nyumbani na koti la mumewe juu, hana shada la maua mkononi. Mtu wa Rarotonga hapokei mgeni bila shada la maua. Akaiti aliliona hilo kabla ya kuuona uso.

"Lini?" aliuliza.

"Saa tatu asubuhi hii. Ulikuwa umekwisha kupanda."

Hakupiga kelele. Aliukumbatia mfuko, akamfuata Tekura mpaka kwenye gari, akafunga mkanda alipoambiwa afunge. Njiani aliuliza swali moja tu, kama Ngarima alikuwa bado akisema. Tekura alijibu kwamba tangu Ijumaa alikuwa akiuliza ni siku gani huko nyumbani. Wakimwambia Alhamisi, anahesabu kwa midomo. Wakimwambia Ijumaa, anahesabu tena.

Kitanda kilikuwa sebuleni, karibu na dirisha, na watu wachache waliokuwapo walijitenga ukutani alipoingia. Akaiti alifika katikati ya chumba akasimama.

Ngarima alikuwa amelala chini ya mawaridi.

Kwa kitambo kifupi akili yake ilikataa. Aliutazama mfuko aliouleta, zipu imefungwa. Akatazama kitandani. Maua yaleyale, weupe uleule uliokwisha kuwa rangi ya maziwa kwa kufuliwa, majani ya kijani cha aina mbili. Akasogea, akaligusa pindo kwa kidole gumba, na kidole kikaujua mkono wake mwenyewe.

"Hii ni yako," alimwambia Tekura. "Hii niliyokufunika harusini."

"Ndiyo, Shangazi."

"Imekuwa hapa tangu lini?"

Tekura alipiga magoti pembeni ya kitanda. "Tangu wiki ya kwanza. Alikuwa akitetemeka kwa baridi, joto la blanketi haliingii ndani. Nikaitoa sandukuni nikamfunika, akatulia. Akaniuliza ni ile? Nikamwambia ni ile, kaka, ilikuwa yako tangu mwanzo. Hakulala bila hiyo tena."

"Wiki ya kwanza," Akaiti alisema. "Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane."

"Nami niko kule nasubiri meli." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine. "Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, Tekura. Kwamba anayo. Ningepanda ndege siku ileile."

Tekura alilia sasa, kwa sauti. "Ningekuambiaje? Zawadi yako, umenipa mbele ya watu wote, mimi nisiye na mama, halafu nikuambie nimempa mtu mwingine? Hata kama ni mwanao? Si ni kukurudishia usoni? Niliona haya, Shangazi. Ukipiga simu nilikuwa naisogeza usoni kwake usione kitanda."

"Na yeye? Yeye hakusema?"

"Alisema tukuache. Alisema, mama anashona ili asilie, mkimnyang'anya sindano atafanya nini na mikono yake. Lakini kila siku aliuliza umefika wapi. Hakuuliza tivaevae imefika wapi."

Akaiti akakaa kwenye kiti kilichokuwa hapo, kiti cha mchana kutwa cha mtu anayemlinda mgonjwa, kimeingia shimo katikati. Hapo ndipo mahali pake palipokuwa, tangu mwezi wa nane, na mtu mwingine alikuwa amepakalia. Jua la saa saba lilikuwa limeingia dirishani, limeangukia miguu ya kitanda. Macho yake, yaliyofanya kazi ile miaka hamsini, yalianza yenyewe, bila kuombwa, kuzipita safu za miraba. Waridi la kwanza. La pili. Kwenye waridi la tatu kutoka kona, yakakwama.

Nyekundu ya safu ile haikuwa ya waridi. Ilikuwa ya pilipili.

Aliinama. Safu nzima, upande hadi upande, na nusu ya safu iliyofuata. Ndipo akakumbuka, kama kitu kilichoangushwa kisimani kinavyosikika chini. Nyekundu ilimwishia, wiki ya mwisho kabla ya safari ya Ngarima. Duka halikuwa nayo. Akachukua iliyokuwapo, akatunga, akashona, akasema hakuna atakayeona. Na hakuna aliyeona. Mchungaji, watu wa harusi, Matarita mwenye ulimi wake, Tekura aliyekaa nayo miaka ishirini na mbili, yeye mwenyewe. Mwanawe alilala chini ya nyekundu mbili miezi mitatu, akapata joto.

Siku kumi na nane alikuwa ameisubiri meli ile. Na wiki nzima ya pindo.

"Shangazi," Tekura alisema, akipangusa uso, "tumfunike na hii mpya? Tuitoe hii ya zamani, azikwe na mpya uliyomshonea?"

"Usiifungue."

"Lakini umekuja nayo kutoka..."

"Nimesema usiifungue. Ana yake."

Tekura aliuweka mfuko mlangoni, ukabaki hapo, na wageni waliofika kuhani waliuvuka kwa kuinua miguu. Walikuja wengi, watu wa Arorangi waliohamia kule, na wengi wao walikuwa na tivaevae za Akaiti majumbani mwao, na kila mmoja aliinama kumbusu akamwambia kazi ya mikono yake haina mfano, tazama mtoto alivyopendeza. Alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Alikuwa ameingiza mkono wake chini ya mawaridi mpaka akaupata wa Ngarima. Ulikuwa mwembamba, kucha zimekatwa vizuri, Tekura amezikata. Ulikuwa umekwisha kupoa, hata chini ya vipande elfu sita. Akaiti aliushika kwa vidole vyake vilivyovimba, ambavyo ncha zake zilikuwa zimetobolewa na sindano mpaka havikuhisi vizuri anachokishika, akawa anavibana zaidi ili ahisi.

Watu wa jeneza walifika saa kumi. Walikuwa wapole, wamezoea. Walimwomba auachie mkono, wakamwomba tena, na mara ya tatu Tekura ilibidi amfumbue vidole kimoja kimoja.